Mirihi Katika Nyumba ya Saba

Mwezi Julai 1933, R. K. Narayan alimsindikiza dada yake hadi Coimbatore, kusini mwa India, akabaki huko. Alikuwa na miaka 26. Kazi ya ualimu alishaijaribu akaikimbia, na riwaya yake ya kwanza ilikuwa bado haijapata mchapishaji. Siku moja akamwona msichana akichota maji kwenye bomba la mtaani. Jina lake Rajam. Basi, kijana akaisha pale pale.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa utovu wa adabu kwa desturi za watu wake. Alimwendea baba wa binti yeye mwenyewe, bila mshenga wala wazee, akamwambia anataka kumwoa binti yake. Baba, mwalimu mkuu wa shule, hakumfukuza. Alifanya ambalo baba yeyote mwenye heshima zake angelifanya: aliomba chati ya kuzaliwa ya kijana ilinganishwe na ya binti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika chati ya Narayan, sayari ya Mirihi ilikaa nyumba ya saba, ambayo ndiyo nyumba ya ndoa. Kwa wanajimu, maana yake ni moja: mwanamke atakayeolewa na bwana huyu atakufa, isipokuwa naye awe amezaliwa na kasoro hiyo hiyo. Rajam hakuwa nayo.

Walioana hata hivyo. Wakapata mtoto wa kike, Hema. Mwaka 1939 Rajam akafa kwa homa ya matumbo.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila nikifika sentensi hiyo ya mwisho nasimama. Mimi si muumini wa nyota. Lakini kuna kisauti ndani, cha kishangazi-shangazi, kinachosema: si aliambiwa? Nadhani kila mtu anacho kisauti hicho, hata daktari, hata mhandisi. Na kinachonisumbua si kama kinasema kweli. Kinachonisumbua ni kile kinachomfanyia aliyefiwa.

Tuanze na neno lenyewe. Unajimu wa India, ule unaoitwa Jyotisha, una “sayari” tisa, na neno la Kisanskriti ni graha. Mzizi wake ni kushika, kukamata. Kwa hiyo tangu mwanzo hatuzungumzii mawe na gesi yanayozunguka huko juu, tunazungumzia washikaji. Jua linakushika, Mwezi unakushika, Mirihi inakushika, halafu Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali. Hao ni saba, na ndio waliopewa siku saba za wiki. Wawili waliobaki, Rahu na Ketu, hawaonekani kabisa kwa macho. Ni zile sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi inakatana na njia ya Jua, na ndiyo maana kupatwa kwa jua na mwezi hutokea karibu nazo.

Hadithi ya Rahu ni tamu na siwezi kuiruka. Miungu na mapepo walipoivuruga bahari kutafuta kinywaji cha kutokufa, pepo mmoja alijichomeka kwenye mstari wa miungu akanywa. Jua na Mwezi wakamchongea. Vishnu akamkata kichwa, lakini kinywaji kilikuwa kimeshafika kooni, kwa hiyo kichwa hakikufa, na mwili nao haukufa. Kichwa ndicho Rahu, mwili ndio Ketu. Tangu siku hiyo kichwa kinawakimbiza wale wachongezi wawili, kikiwapata kinawameza, na kwa kuwa hakina tumbo wanatokea upande wa pili. Huko ndiko kupatwa. Mwaka 499 Aryabhata aliandika kwamba ni vivuli tu, kivuli cha Dunia juu ya Mwezi na cha Mwezi juu ya Dunia. Watu wakaendelea na yote mawili, hesabu za Aryabhata kwa kujua saa, na hadithi ya Rahu kwa kujua la kuogopa. Hili la kuwa na vitabu viwili mezani kwa wakati mmoja tutalirudia.

Neno “Vediki” nalo linahitaji kuangaliwa. Katika Veda, elimu ya nyota ilikuwa hasa ya kalenda: lini kufanya kafara, mwezi uko wapi. Buruji 12 na nyumba 12, yaani mitambo yote iliyomtia Narayan mashakani, vilikuja baadaye, na sehemu kubwa vilitoka kwa Wagiriki. Kuna kitabu cha zamani cha Kisanskriti kinachoitwa Yavanajataka, na yavana ndilo jina Wahindi walilowapa Wagiriki. Maneno ya msingi kama hora na kendra yana asili ya Kigiriki. Sisemi hivi kuwavua Wahindi kitu chao; walikichukua wakakifanya chao kwa namna ambayo Mgiriki asingekitambua. Waliongeza manyumba 27 ya Mwezi, na mzunguko wa miaka 120 uliogawanywa kwa washikaji tisa: Zuhura inakutawala miaka 20, Zohali 19, Rahu 18, Jua 6 tu, na kadhalika. Ukiujumlisha unakuta ni mrefu kuliko karibu kila maisha. Narayan aliishi miaka 94, na hakuumaliza.

Zaidi ya yote walichoongeza ni maana. Kwa Mgiriki, nyota ingeweza kuwa nguvu tupu, isiyojali. Mhindi akaifunga kwenye karma. Ulichotenda katika maisha yaliyopita kimeiva, na chati ni orodha ya mavuno yako. Sayari haikufanyi chochote, inakuonesha tu, kama taa inavyoonesha vitu vilivyokuwa tayari chumbani gizani. Mfano huo wa taa wanajimu wanaupenda sana, nami naona ni mzuri. Ndiyo sababu Zohali, yaani Shani, anaogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja. Yeye ni hakimu. Katika Maharashtra kuna kijiji, Shani Shingnapur, kinachojulikana kwa nyumba zisizo na milango, kwa imani kwamba Shani mwenyewe atamshughulikia mwizi. Mtu anaweza kucheka, lakini fikiria kwanza uzito wa kulala usingizi bila kufuli kwa sababu unaamini mbingu ina haki.

Na hapa ndipo penye swali langu. Ikiwa sayari ni taa tu, inaonesha na haifanyi, basi Mirihi ya Narayan haikumuua mtu. Ilionesha kwamba kijana huyu atakuwa mgane. Sawa. Lakini kama ni ishara tu, kumkatalia ndoa kunamwokoa nani? Kifo cha Rajam kiko kwenye karma ya Rajam. Angekufa akiwa mke wa karani wa posta, au akiwa hajaolewa kabisa. Na kama, kinyume chake, kumkatalia ndoa kungemwokoa, basi Mirihi si taa. Ni kisu. Inaua, na inamuua mtu ambaye hakufanya lolote zaidi ya kuolewa na mtu aliyezaliwa saa fulani. Haki ya Shani iko wapi hapo?

Mnajimu amesimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Ukienda na posa, sayari ni sababu: usimwoe, atakufa. Ukiuliza habari ya haki, sayari inageuka kuwa dalili: si yeye, ni matendo yenu. Mtu hawezi kushinda mabishano na anayebadilisha mguu kila unapomkaribia.

Najua jibu linalotolewa, na si jibu la kipuuzi. Wingu nalo ni dalili tu, si ndilo linaloamua unyeshewe, lakini ukiliona unachukua mwavuli. Ndivyo zilivyo tiba za Jyotisha: kulisha maskini Jumamosi, kumwagia Shani mafuta, kufunga, kuvaa jiwe. Karma mpya inapunguza makali ya karma ya zamani. Kwa hilo la kulisha maskini sina ugomvi kabisa. Anayetoa sahani ya wali kwa kumwogopa Zohali ametoa sahani ya wali, na mwenye njaa ameshiba. Tatizo ni kwamba mwavuli unanikinga mimi, na hauhamishii mvua yangu kwa jirani. Tiba nyingine zinafanya hivyo hasa. Mwanamke aliyezaliwa na kasoro ya Mirihi huwahi kuozwa kwanza kwa mgomba, au kwa mtungi wa udongo, ili balaa limalizikie kwa “mume” huyo wa kwanza, ndipo akaolewe na mtu. Mgomba unakatwa, mtungi unavunjwa. Bwana harusi anapumua. Bibi harusi anaingia kwenye ndoa huku ukoo mzima unajua kwamba ilibidi auawe mume mmoja kwanza.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana kasoro hii si adimu kama jina lake linavyotisha. Mirihi ikiwa katika nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12, una kasoro. Ni nyumba tano kati ya 12. Wengine wanaongeza ya 2, zinakuwa sita, yaani nusu ya binadamu. Kisha wapo wanaohesabu si kutoka buruji inayochomoza peke yake, bali kutoka kwa Mwezi pia, na kutoka kwa Zuhura. Ukifuata njia zote tatu, asiye na kasoro ndiye wa kutafutwa kwa tochi. Ndipo zinapoingia sheria za kufuta kasoro, nazo ni nyingi, la sivyo India nzima ingebaki bila ndoa. Shani naye ni hivyo hivyo. Anazunguka buruji zote kwa karibu miaka 29 na nusu, anakaa miaka miwili na nusu katika kila moja, na balaa lake la miaka saba na nusu linagusa buruji tatu. Kwa hiyo wakati wowote ule, leo hii, buruji tatu kati ya 12 ziko chini yake. Msibani, ukiuliza watu wanne, mmoja atakuwa katika mikono ya Shani. Atakumbuka. Wale watatu hawatakuwa na la kusimulia.

Wengi wenu mtasema hesabu haimgusi muumini. Ni kweli. Mwaka 2009 mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio. Walikusanya chati 200, nusu za wanafunzi wenye akili nyingi na nusu za watoto wenye ulemavu wa akili, kisha wakaomba wanajimu waseme ipi ni ya nani. Kila mmoja alipewa chati 40. Wanajimu 27 walirudisha majibu, na kwa wastani walipatia asilimia 46. Ungerusha shilingi ungepata zaidi kidogo. Mmoja wa walioendesha jaribio hilo, Narendra Dabholkar, aliyetumia maisha yake kupinga ushirikina, alipigwa risasi akafa Pune mwaka 2013. Na unajimu unaendelea, chuo kikuu na sokoni.

Sasa ngoja nikuoneshe jinsi mtego wenyewe unavyonasa, maana mimi umenishika kidogo. Pamoja na chati kuna elimu ya namba, ambayo nayo imefungwa kwenye sayari hizo hizo: 1 ni Jua, 2 Mwezi, 3 Mshtarii, 4 Rahu, 5 Utaridi, 6 Zuhura, 7 Ketu, 8 Zohali, 9 Mirihi. Unachukua siku ya kuzaliwa unaipunguza hadi tarakimu moja, hiyo ni namba yako. Kisha unajumlisha tarehe nzima, hiyo ni namba ya hatima. Narayan alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1906. Siku: 1 na 0, ni 1, Jua. Safi, jina kubwa, mwandishi wa dunia. Tarehe nzima: 1+0+1+0+1+9+0+6. Ni 18. Na 1+8 ni 9.

Tisa. Mirihi.

Nilipiga hesabu hiyo usiku, kwa kalamu, nyuma ya bahasha, na nakiri nywele zilisimama. Nikairudia. Ni tisa ileile.

Asubuhi akili ilirudi. Kwanza, mtu mmoja kati ya kila tisa anapata 9, na wengi wao wamezeeka na wake zao. Pili, na hili ndilo kubwa, tarehe 10 Oktoba 1906 ni ya kalenda ya nani? Ni kalenda ya Papa Gregori, iliyofika India na ofisi za Waingereza. Katika kalenda ya Saka mwaka ule ulikuwa 1828, katika ile ya Vikrama 1963, kwa Waislamu wa Madras ulikuwa 1324. Siku na mwezi navyo vinabadilika. Mtoto ni yuleyule, saa ni ileile, mbingu ni ileile, lakini ukibadilisha karatasi ukutani hatima inabadilika. Ina maana Mirihi ilisubiri makarani wa serikali ya kikoloni ndipo ijue namba yake? Na mfumo wenyewe haukutoka kwenye Veda. Aliyeusambaza duniani kuliko wengine wote ni Mwayalandi mmoja, William John Warner, aliyejiita Cheiro na kufa mwaka 1936. Yeye katika 4 na 7 aliweka Uranus na Neptune, sayari zilizogunduliwa kwa darubini mwaka 1781 na 1846. Wahindi wakaweka Rahu na Ketu mahali pale pale. Kiti kimoja, wakaliaji tofauti, na wote wanadai wamekaa humo tangu kale.

(Msomaji wa pwani asicheke sana. Falaki yetu inachukua jina lako na la mama yako, inageuza herufi kuwa namba kwa abjadi, inagawanya, inakupa buruji. Mirihi hiyo hiyo, Zohali huyo huyo. Na tunaposema nyota zao haziendani, au fulani nyota yake imefifia, tunadhani tunasema Kiswahili tu.)

Kwa hiyo akili ilirudi asubuhi. Lakini usiku haukufutika, na sitaki kujifanya umefutika. Sababu ya nywele kusimama haikuwa ujinga wa hesabu, ilikuwa Rajam. Nilitaka kifo chake kiwe na mahali. Mwanamke kijana, mtoto mdogo nyumbani, mume anayeanza kujulikana, halafu homa, halafu basi. Kati ya “Mirihi ilimuua” na “hakuna sababu”, moyo unachagua Mirihi bila kufikiri mara mbili. Sababu mbaya inabebeka kuliko kukosa sababu.

Ila sababu ilikuwapo, bwana. Homa ya matumbo inaletwa na bakteria anayeingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Dawa ya kwanza iliyoitibu kweli ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1940, karibu miaka kumi baada ya kifo chake. Choo, bomba, na kalenda ya maabara. Na Narayan alilijua hilo, kwa sababu aliliandika. Katika The English Teacher, iliyotoka mwaka 1945, Krishna na mkewe Susila wanakwenda kuangalia nyumba ya kununua. Siku njema kabisa, wana furaha. Susila anaingia chooni, mlango unamgomea, anatoka ametapakaa kinyaa cha uchafu wa mle ndani. Baada ya hapo ni kitanda, daktari, homa ya matumbo, kifo. Mama mkwe anashuku jicho la hasidi na kuleta mganga. Riwaya inampa nafasi yake bila kumdhihaki, lakini chanzo imeshatuonesha, na kilikuwa na mlango mbovu na harufu.

Wala msidhani Narayan alikuwa mtu wa maabara. Nusu ya pili ya kitabu hicho Krishna anazungumza na roho ya mkewe kupitia mtu wa kati, na Narayan mwenyewe alifanya hivyo baada ya kufiwa. Aliamini mengi. Ndiyo maana lile ambalo hakuliandika linanigusa: alikuwa na Mirihi mkononi, tayari, ya kwake mwenyewe, na kwenye kitabu alichokiandika kwa msiba wake akampa kifo kile choo.

Mirihi alikuwa ameshaiandika kabla. The Bachelor of Arts ni ya mwaka 1937, Rajam yu hai. Chandran, kijana aliyemaliza chuo, anamwona Malathi kwenye mchanga wa mto Sarayu, anapenda kwa mbali, hata siku moja hawajazungumza. Posa inapelekwa. Chati zinalinganishwa. Mirihi ya Chandran itamuua mke. Posa inakataliwa, Malathi anaolewa na mwingine, na Chandran anapoteza dira hadi anavaa nguo za mtawa na kuzurura. Inachekesha, na inauma. Narayan alimwandikia Chandran maisha ambayo yeye aliyakwepa, akiwa amekaa nyumbani na mke ambaye kwa mujibu wa chati hakupaswa kuwa naye. Nikiisoma leo naogopa kwa niaba yake. Miaka miwili tu ilibaki.

Sasa swali gumu, ambalo nimelizungukazunguka. Chati haikusema Narayan atakufa. Ilisema mke atakufa. Kuhatarisha maisha yako ni ushujaa. Kuhatarisha ya mwenzako ni nini? Tuseme aliamini unajimu kwa sehemu moja tu kati ya kumi. Je, ilikuwa halali kumwoa?

Rafiki yangu mmoja, msomaji mzuri, ananijibu kwamba sehemu moja kati ya kumi inatosha kuacha. Ukiambiwa maji haya labda yana sumu, humpi mgeni. Nilikaa na jibu lake siku nyingi. Nadhani linakosea mahali pamoja: maji yale unaweza kuyamwaga bila kumdhuru mtu. Kukataa ndoa kwa ajili ya Mirihi si kutofanya kitu. Ni kumpa kijana, au mara nyingi zaidi msichana, cheti kwamba yeye ni hatari kwa atakayempenda. Gharama inalipwa leo, kwa uhakika, kwa fedha taslimu, ili kukwepa deni ambalo hakuna aliyewahi kuonesha risiti yake. Na wanaolipa wanajulikana. Mwanamume mwenye Mirihi mbaya anaweza bado kuwa Narayan, akamwendea baba wa mtu kwa miguu yake. Mwanamke mwenye Mirihi mbaya anasubiri nyumbani, umri unakwenda, mahari yake inapandishwa ili kufidia kasoro. Huyo hapewi riwaya.

Lakini kuna jambo rafiki yangu amenishinda. Alisema: na Rajam mwenyewe? Alikuwa na miaka 15. Baba alishauriana na wanajimu, Narayan alishauriana na moyo wake, na mwishowe wanaume wakakubaliana. Yule ambaye chati ilimtaja, ambaye kama hatari ilikuwapo ilikuwa yake, nani alimuuliza? Katika habari zote nilizosoma, yeye anachota maji, kisha anaolewa. Sina jibu. Naona tu kwamba kosa hilo halihusiani na Mirihi. Lingekuwapo hata kama chati zote zingelingana kama kidole na pete.

Mwaka 1947 Narayan alitoa mkusanyiko wenye hadithi fupi ambayo pengine ndiyo inayosomwa zaidi katika kazi zake, An Astrologer’s Day. Mnajimu wa barabarani, anayekaa chini ya mti na simbi zake, hajui nyota hata kidogo, anajua watu. Usiku mmoja anakuja mteja mgomvi, anawasha kiberiti, na mnajimu anauona uso wa mtu ambaye miaka mingi nyuma alimchoma kisu na kumwacha kisimani akidhani amekufa. Mteja anamtafuta adui yake ili alipize kisasi. Mnajimu anamwambia jina lake, anamwambia habari ya kisu na kisima, na kisha anamwambia kwamba adui yule alishakufa chini ya lori. Rudi kwenu, usije tena upande huu. Mtu anaondoka ametosheka. Mnajimu anakwenda nyumbani na sarafu zake, anamwambia mkewe kwamba mzigo mkubwa umemtoka leo: miaka yote hii alidhani ana damu ya mtu mikononi.

Kila utabiri aliotoa usiku ule ulikuwa ama kumbukumbu ama uongo. Na ni uongo uliookoa watu wawili, mmoja asiuawe na mwingine asiue. Siwezi kuisoma hadithi hii kama shambulio dhidi ya wanajimu. Naisoma kama imeandikwa na mtu ambaye alijua ni kitu gani kumdhania nafsi yako kuwa umeua, kwa miaka, bila kuwa umeua. Hapo narudi kwenye kile kisauti cha kishangazi-shangazi. Si aliambiwa? Narayan alikuwa na umri wa miaka 32 alipompoteza Rajam. Hakuoa tena, na alikufa mwaka 2001. Kwa miaka zaidi ya 60 mtu yeyote aliyejua habari ile ya chati angeweza kumtazama na kukifikiria kisauti hicho. Unajimu ungeweza kumpa maelezo, lakini bei ya maelezo hayo ilikuwa yeye kuwa muuaji. Homa ya matumbo haimpi maelezo yoyote ya maana, ila inamwacha kuwa mtu aliyefiwa.

Kama hamjavisoma vitabu hivi, visomeni kwa mpangilio wa miaka, 1937 kisha 1945. Vyote ni vifupi. Ule wa kwanza utawachekesha hadi kurasa za chati, na mtaona jinsi baba mtu anavyobishana kuhusu Mirihi kama anayebishana bei ya ng’ombe. Wa pili, mkifika pale wanapotoka asubuhi kwenda kuangalia nyumba, Susila amevaa vizuri, wanapita kula hotelini, msikimbie. Zile kurasa kabla ya choo ndizo nzuri kuliko zote.